Chuo cha Watu Elfu Moja na Mia Saba

"Kwani chuo kikuu alikosa?" Mama mdogo aliniuliza kwenye simu hata kabla sijamaliza kumwamkia. Binti yake amepata nafasi Grinnell College, jimbo la Iowa, Marekani, na neno lililomkwaza ni hilo la pili. Kwetu Tanzania ukisema mtoto yuko koleji, watu wanafikiria cheti au stashahada. Nikamweleza kwamba Marekani kuna vyuo vidogo vinavyofundisha shahada ya kwanza tu, ambako mwanafunzi huchanganya fasihi, hesabu na biolojia kabla ya kuchagua somo kuu. Nikamtajia Kofi Annan, aliyehitimu Macalester, chuo cha aina hiyo hiyo, mwaka 1961. Jina hilo lilimtuliza. Mimi halikunitosha, maana haliniambii lolote kuhusu binti anayependa hesabu kuliko wali.

Mimi nasoma shahada ya uzamili hapa hapa Marekani, katika chuo kikuu kikubwa, na sehemu ya ada yangu nailipa kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Profesa anasimama mbele ya ukumbi uliojaa, kisha anawagawa kwetu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kuhusu chuo chochote ni hili: mdogo wangu atafundishwa na nani? Hapa angefundishwa na mtu kama mimi. Si kwamba nafundisha vibaya, lakini nina mitihani yangu pia, na wiki ya kumi naanza kusahihisha huku nasinzia. Grinnell watu kama mimi hawapo. Profesa mwenyewe ndiye anayesahihisha, na miaka mitatu baadaye ndiye atakayemwandikia barua ya utambulisho akijua anamwandika nani.

Ila udogo una bei yake. Grinnell ina wanafunzi kama 1,700, na idara ya chuo cha ukubwa huo haina walimu wengi. Mmoja akienda likizo ya utafiti, huenda kozi yake isifundishwe mwaka huo. Ndiyo maana nilimkataza kusoma orodha ya kozi zote, ile nene inayopendeza. Nikamwambia atafute ratiba halisi za mihula minne iliyopita, ahesabu kozi za hesabu za ngazi ya juu zilizofundishwa kweli. Kwa mtu wa historia jambo hili huenda lisiwe kubwa. Kwa anayekimbia haraka kwenye hesabu, mwaka wa tatu unaweza kumkuta amemaliza kilichopo.

Alihesabu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Kaka, mtu mkimya anaishije huko?" Ni swali zuri kuliko yangu yote. Kozi pekee ambayo Grinnell inamlazimisha kila mwanafunzi ni semina ya mwaka wa kwanza, kikundi kidogo cha kusoma, kuandika na kujadiliana. Shuleni kwao alikuwa wa kwanza darasani bila kufungua mdomo. Kwenye meza kama ile, ukimya unaonekana kama kiti kitupu. Na jioni atawakuta watu wale wale bwaloni, katika mji wenye wakazi kama 9,000, karibu kilomita 90 kutoka Des Moines. Wapo wanaochanua katika udogo wa namna hiyo, wapo wanaokosa hewa. Sijui yeye ni yupi, na nilimwambia hivyo.

Pesa tulizungumza kwa ufupi: asitazame ada iliyotangazwa, atazame kinachobaki baada ya msaada, pamoja na nauli, bima na koti la baridi.

Sasa amempata mwanafunzi wa mwaka wa tatu huko, msichana kutoka Kenya, na wanaandikiana. Nilidhani angeanza na hesabu. Alianza kwa kuuliza kama mabweni hubaki wazi likizo ya Desemba, na wanaobaki hula wapi.