Kauboi, Nyumba na Nafasi ya Pili

Nianze kwa kukiri jambo ambalo wanafunzi wangu hawalijui. Katika miaka minne niliyoitumia kuandika tasnifu yangu ya udaktari, nilisoma riwaya za mapenzi ya makauboi kuliko nilivyosoma vitabu vya nadharia ya dola. Nilikuwa katika mji mdogo wa Wyoming, Marekani, kwenye nyanda zilizoinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo upepo wa Januari humfanya mtu atilie shaka busara ya wazee wake waliomruhusu kusafiri. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na sanduku zima la vitabu hivyo, vyenye majalada laini na picha ya mwanamume mwenye kofia pana akitazama milima. Baridi ilipozidi nami nikachoka kusoma nadharia, nilishuka ngazi nikaazima kimoja. Nilipokirudisha, nikaazima viwili.

Msomaji ambaye hajakutana navyo na asinicheke kabla sijamweleza. Hadithi karibu zote ni moja. Msichana anauacha mji wake mdogo akiwa na miaka kumi na minane, anakwenda Denver au Chicago, anafanikiwa, kisha maisha yanamgeuka: ndoa inavunjika, au kazi inapotea. Bibi yake anafariki. Unasomwa wosia. Msichana, ambaye sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei, anarudi akidhani atakaa wiki mbili auze shamba aondoke. Mgahawani anakutana na kijana aliyempenda zamani, ambaye sasa ni mtalaka mwenye binti mdogo na deni la benki. Wanagombana. Theluji inawafungia ghalani usiku ambao ng'ombe mmoja anazaa kwa shida. Kufikia ukurasa wa mia mbili hivi wanasameheana, na shamba haliuzwi tena.

Nilizisoma kwa dharau ya msomi, na nilizisoma mpaka alfajiri. Mke wangu na watoto wetu wawili walikuwa Dodoma. Tulizungumza kwa simu siku za Jumapili, na kila Jumapili mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko ya Jumapili iliyotangulia. Nadhani nilitafuta katika vitabu vile hakikisho kwamba kilichovunjika huungika.

Mama mwenye nyumba alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Alifiwa na mume wa kwanza, na alipofika miaka sitini na kitu akaolewa na mzee ambaye alimkataa walipokuwa vijana, mfanyakazi wa ranchi aliyestaafu, mtu wa maneno machache na magoti mabovu. Siku moja nilimuuliza kwa utani kama vitabu vyake vinasema kweli. Alisema waandishi wake hawajui lolote kuhusu ng'ombe, lakini kuhusu nyumba wanajua. Kisha akaniambia kwamba mzee yule alipohamia kwake alikuja na kofia, mbwa na tandiko la farasi, na kwamba tangu siku hiyo hajawahi kugombana naye akiwa na hofu. Sikuelewa alichomaanisha. Nilikwenda kulala nikiwa nimefurahishwa na habari ya mbwa.

Nilipoanza kufuatilia historia (kwa kuwa msomi hawezi kufurahia kitu bila kukitafutia tanbihi), niligundua kwamba kauboi wa kweli alikuwa na uhusiano mdogo sana na yule wa kwenye jalada. Zama zake zilikuwa fupi: kuanzia 1867, ng'ombe wa Texas walipoanza kuswagwa hadi kituo cha reli cha Abilene, Kansas, mpaka baridi kali ya 1886 na 1887 iliyoangamiza mifugo ya nyanda za kaskazini. Katikati ya hapo ilikuja seng'enge, ambayo Joseph Glidden aliipatia hataza mwaka 1874, na malisho ya wazi yakaanza kukatwakatwa. Kauboi alikuwa kibarua wa dola 30 au 40 kwa mwezi, kijana, kwa kawaida kapera. Inakadiriwa kwamba mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtu mweusi. Nat Love, aliyezaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, aliandika tawasifu ya maisha hayo mwaka 1907. Wengi wao walimiliki tandiko, lakini ardhi hawakuwa nayo. Riwaya ya The Virginian ya Owen Wister, ya mwaka 1902, ilimchukua kibarua huyo ikampa mwalimu wa shule aliyetoka mashariki awe mke wake, na tangu hapo mamia ya waandishi wameendelea kumpa shamba, farasi na macho ya bluu.

Mwanamke wa kweli wa hadithi hizo nilimkuta maktabani. Jina lake Elinore Pruitt Stewart, aliyezaliwa mwaka 1876. Mwaka 1909 alikuwa Denver na binti mdogo, akifanya kazi za ndani na kufua nguo za watu. Alikwenda Burntfork, kusini-magharibi mwa Wyoming, kuwa mtunza nyumba wa mfugaji mmoja, Clyde Stewart. Akajiandikishia ardhi iliyopakana na ya mfugaji huyo, na siku chache baadaye wakafunga ndoa. Alimwandikia barua bibi aliyekuwa mwajiri wake Denver, na muda mrefu ulipita kabla ya kumwambia kwamba ameolewa, kwa aibu ya haraka ile. Barua hizo zilichapishwa kwenye jarida la Atlantic Monthly na zikawa kitabu mwaka 1914. Kwa wasomaji wake alikuwa mjane. Watafiti waliofuatilia maisha yake baadaye walionyesha kwamba alikuwa mtalaka.

Kwa nini mtalaka maskini mwenye mtoto aliweza kuanza upya kule? Sheria ya makazi ya mwaka 1862 iliruhusu mtu yeyote mwenye miaka 21, au mkuu wa kaya, kudai ekari 160 za ardhi ya serikali, akaishi hapo miaka mitano na kulima, kisha apewe hati. Mwanamke asiyeolewa, mjane na mtalaka waliruhusiwa. Wyoming yenyewe, kabla haijawa jimbo kamili, ilikuwa imewapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1869, na katika kikao hichohicho cha bunge wake walilindiwa mali zao. (Ardhi hiyo haikuwa tupu. Washoshone na mataifa mengine ya wenyeji walikuwa wameondolewa humo, na katika riwaya mia za nafasi ya pili sikukutana na moja iliyouliza wao walipewa nafasi gani.)

Ndipo nilipomwelewa mama mwenye nyumba. Heroini wa riwaya zile harudi mjini kwa sababu ya mapenzi. Anarudi kwa sababu bibi amemwachia nyumba. Anaweza kugombana na kauboi, kumfungia mlango, kumfikiria kwa sura kumi, kwa kuwa mlango ni wake. Mwandishi anamaliza suala la makazi katika sura ya kwanza ili msamaha usije ukafanana na njaa.

Elinore alilijua hilo. Aliandika kwamba alikubali kuolewa kwa sharti kwamba shida za ardhi yake atazimaliza mwenyewe. Hakufanikiwa. Nyumba yake ilijengwa ikiwa imeungana na ya mumewe, na sheria haikumruhusu mume na mke kudai makazi mawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1912 aliiachia ardhi yake, akaichukua mama mkwe. Kitabu kilipotoka miaka miwili baadaye kikiwahimiza wanawake maskini wa mjini waende kujiandikishia ardhi, mwandishi wake hakuwa tena na dai lolote kwa jina lake. Mapenzi yake na Clyde yaelekea yalikuwa ya kweli. Lakini nikiwa pale maktabani niliandika pembeni ya daftari langu: na kama yasingekuwa?

Niliandika hivyo, kisha nikarudi nyumbani na shahada yangu.

Wakati mimi nasoma Wyoming, mke wangu alikuwa anajenga. Nilituma sehemu ya posho ya masomo, naye akawatafuta mafundi, akahesabu matofali, akalala kwenye kiwanja siku saruji ilipoletwa usiku. Alisimamia msingi, linta na mabati huku akiwalea watoto na kuuza vitenge. Kiwanja kilikuwa kwa jina langu, kwa kuwa karatasi niliziandikisha kabla ya kuondoka na hakuna aliyeona sababu ya kuziandika vingine. Niliporudi nilikuta nyumba nzuri na mwanamke nisiyemjua, naye alimkuta mwanamume aliyezoea kunyamaza. Tulivumiliana miaka mitatu. Makosa yalikuwa ya wote, ila yangu yalikuwa mengi zaidi, na mengine sitayaandika hapa kwa heshima ya watoto.

Hatukufika mahakamani. Tulifika baraza la usuluhishi la kata mara moja, kisha wazee wa pande zote mbili wakakaa sebuleni, katika nyumba aliyoijenga, wakanywa chai aliyoipika, wakaamua kwamba arudi kwao Manyoni "apumzike". Aliondoka na cherehani, magodoro mawili na masufuria. Kaka yake alimpa chumba kilichokuwa stoo ya alizeti. Mimi nilibaki na nyumba. Sikuona kwamba nimechukua kitu cha mtu.

Jambo linalonikosesha usingizi ni hili: muhula ule ule nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wanasheria wanaijua. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ni hukumu kubwa. Nilipenda kuwaonyesha wanafunzi kitendawili chake: Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa, kwa kuwa mahakama iliona mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha mradi wa familia naye akazitumia vibaya. Aliwafungulia mlango wengine, yeye akabaki nje. Nilikuwa nalisema hilo kwa madaha, chaki mkononi, kisha naendesha gari kurudi kwenye nyumba ambayo mke wangu alilinda saruji yake usiku. Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliniuliza siku moja: "Mwalimu, kwa nini wanawake wengi hawaendi mahakamani ikiwa sheria ipo?" Nilimjibu kwa dakika ishirini. Nilitaja umaskini, mila na umbali wa mahakama. Sikutaja wasomi.

Miaka mitano baada ya kikao kile nilikwenda Manyoni kumwomba arudi. Nilikuwa nimejiandaa kama kauboi wa sura ya mwisho. Shemeji alinipokea kwa heshima, wakatuacha wawili uani. Nilisema niliyokuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa juu ya cherehani.

"Baba," alisema, maana hajaacha kuniita hivyo mbele ya watoto wala peke yetu, "mimi sina kinyongo. Lakini unaniambia nirudi kwako, au nirudi kwenye nyumba yako? Siku ile tukikosana tena, nitakuja tena kulala kwenye stoo ya kaka?"

Nikasema nitaandikisha jina lake kwenye hati. Akasema hilo ni jema na nilifanye, lakini hasubiri hilo. Alikuwa tayari amenunua kiwanja kidogo nyuma ya soko, kwa fedha za kushona na za kukamua alizeti. Karatasi zake alinionyesha akizitoa kwenye kopo la maziwa ya unga, zikiwa na jina lake la kwao, jina alilokuwa nalo kabla sijamjua. Aliniambia nikitaka kuja, nije pale.

Marafiki wananiuliza kama tumerudiana. Wengine wananishauri, kwa nia njema, kwamba mwanamume hafuati mke kwao. Ofisini kwangu yupo kijana kutoka Kongwa, aliyekulia jirani na ranchi ya taifa na anayejua ng'ombe kuliko waandishi wote wa lile sanduku, ambaye huniita "kauboi" kila nikibeba begi Ijumaa mchana kwenda stendi. Maombi ya kuongeza jina lake kwenye hati ya Dodoma tumeyapeleka, naye alikuja kutia saini, akala chakula cha mchana kwenye nyumba ile kama mgeni, akaligusa dirisha moja ambalo fundi alikuwa amelipinda na yeye akamlazimisha alirudie. Jioni akapanda basi.

Kiwanja chake kina vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele kina mashine ndogo ya kukamulia alizeti, na harufu yake huingia mpaka kwenye mashuka. Ijumaa iliyopita nilifika mvua ikinyesha, jambo la nadra Manyoni. Nilipiga hodi. Alinijibu kutoka ndani nisubiri kidogo, anampimia mteja mafuta. Nikaweka begi chini, nikakaa kibarazani.