Motokaa ya Kiwanda na Motokaa ya Vipande

Upande wa Mnarani, mkabala na mji wa Kilifi, ipo barabara ya zamani iteremkayo hata majini, palipokuwa na kivuko kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Nilipokuwa mtoto magari hayakuwa na safari huko tena, na sisi wavulana tuliufanya mteremko ule uwanja wetu wa mashindano. Mwenzangu mmoja alikuwa na kigari cha chuma kilichonunuliwa dukani. Changu kilikuwa ubao juu ya beringi nne kuukuu nilizopewa na fundi, na usukani wake kamba. Kilikuwa chepesi, na kwa wepesi huo kilishinda karibu kila siku.

Siku moja nilimpakia ndugu yangu mdogo nyuma. Katikati ya mteremko gurudumu la mbele likachomoka. Mimi nilichubuka magoti tu. Yeye alivunjika mkono, na mpaka leo haunyooki sawasawa. Usiku ule nilikumbuka kwamba asubuhi, kwa haraka ya kwenda kushindana, nilipigilia msumari mmoja mahali pa miwili.

Kigari kile hunijia moyoni kila nisomapo habari za watu wa Uingereza walipao ada kuingia katika uwanja wa mbio kwa siku moja, kila mtu na motokaa yake. Hawashindanii kikombe, hujifunza kwenda kasi mahali pasipo na mpita njia wala ng'ombe. Hao hubishana sana: ifaayo ni motokaa ndogo ya kiwandani, au ile inunuliwayo vipande na kuunganishwa nyumbani?

Ya vipande iliyo mashuhuri ni Lotus Seven, aliyoibuni Colin Chapman na kuitoa mwaka 1957. Kodi ya Uingereza wakati ule ilitozwa motokaa kamili, si vipande vyake, basi mwenye spana na subira alijiokolea fedha. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973, lakini umbo lile lingali likitengenezwa na Caterham. Uzito wake ni kilo 500 hivi. Mazda MX-5, motokaa ya kiwanda iliyotoka mwaka 1989, hukaribia mara mbili ya uzito huo. Jambo hili si dogo. Motokaa nyepesi huondoka upesi kwa mashine ndogo, breki zake hazishiki moto haraka, na penye kona haivutwi nje kwa nguvu kama nzito. Kwa mbio tupu, mimi ningeipa Seven ushindi bila kusita.

Lakini kabla motokaa ya kiwanda haijauzwa, nyingine za namna yake zimegongeshwa ukutani kwa makusudi, ili ijulikane mtu aliyemo atapatwa na nini. Ya nyumbani hukaguliwa na serikali huko Uingereza kabla ya kuruhusiwa barabarani. Hata hivyo, nati iliyokazwa nusu huweza kungoja mpaka kona ya kwanza. Wala tusidhani kwamba kiwandani hapana mikono. Mombasa kipo kiwanda, tangu miaka ya 1970, kiunganishacho magari yanayoletwa vipande vipande kutoka ng'ambo. Tofauti ni kwamba huko kazi ya mmoja hupitiwa na jicho la mwingine.

Joginder Singh na nduguye Jaswant waliposhinda Safari ya mwaka 1965, Volvo yao ilikuwa ya kiwanda, tena iliyokwisha kutumika. Ila Joginder alikuwa fundi, na aliijua kwa ndani. Kijana akiniuliza, nitamwambia aanze na ya namna hiyo, kisha aifungue.

Mwaka jana ndugu yangu aliniomba nimsaidie kumuundia mwanawe kigari. Tulipomaliza aliinama, akatikisa gurudumu moja moja kwa mkono wake ule, kisha akaniomba msumari mwingine.