Mtwara Ilipongoja Kimbunga

Mgeni afikaye Mtwara kwa mara ya kwanza haoni sababu ya kuiogopa bahari. Bandari yake ina kina kirefu, nayo imejificha ndani ya ghuba. Ukisimama ufukweni unaiona Msangamkuu ng'ambo, karibu kabisa, na vyombo vikivusha watu na mizigo yao. Kiasi cha kilomita kumi kutoka hapo iko Mikindani, mji mkongwe wenye magofu ya mawe, ambao Dk. Livingstone alipitia mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Ni pwani ya minazi na mikorosho, ya pweza mkavu, na ya ming'oko inayochemshwa na kuuzwa kando ya njia. Tulikwenda huko, sisi akina mama watatu na watoto wetu wadogo, kula Pasaka ya mwaka 2019 nyumbani kwa rafiki yetu. Tulikusudia kukaa mpaka sikukuu ya Muungano ipite.

Pasaka ilikuwa tarehe 21 Aprili. Siku mbili baadaye tulianza kusikia jina la Kenneth redioni. Kimbunga kilikuwa kaskazini ya Madagaska, kikielekea Visiwa vya Komoro, na baada ya hapo ama kwetu ama kwa jirani zetu wa Msumbiji. Mwaka mwingine labda watu wangefanya mzaha. Lakini miezi miwili ilikuwa haijatimia tangu Idai ilipoupiga mji wa Beira, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, ikaua watu zaidi ya 600 katika Msumbiji peke yake. Nani alikuwa hajaona picha za akina mama waliokaa juu ya mapaa na watoto mikononi? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa tahadhari kwa mikoa ya kusini, hatukusikia hata mtu mmoja akicheka.

Pwani yetu ina usahaulifu wake, na una sababu. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, nacho huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili upepo uanze kujizungusha. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu, na kisiwa kikubwa cha Madagaska hutukinga kama ukuta. Hata hivyo vimepata kuja. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliiangukia Unguja, kikang'oa minazi na mikarafuu na kuvunja majahazi bandarini. Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Bibi wa nyumba tuliyofikia, mama mkwe wa rafiki yetu, alikuwa amesimuliwa habari za kile cha Lindi tangu utotoni. Alisema mama yake alikumbuka zaidi mlio kuliko upepo wenyewe.

Jumatano kutwa nzima mji ulifanya kazi. Wavuvi waliburuta mitumbwi na ngalawa mpaka chini ya minazi, halafu mmoja wao akatazama juu, akaona madafu, wakaiburuta tena mbali zaidi. Vijana walipanda juu ya mabati na mawe na mifuko ya mchanga. Madukani misumari na kamba vilikwisha kabla ya adhuhuri, mishumaa ikafuata. Sisi wanawake tulijaza maji kila chenye tumbo: mapipa, madumu, ndoo, hata sufuria ya pilau. Tulisonga ugali mapema, tukachemsha mihogo, tukakaanga samaki wakavu kabisa ili wakae siku mbili bila kuharibika. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na fedha kidogo tulivifunga katika mifuko ya nailoni, kila mama akafunga chake kiunoni chini ya khanga. Watoto waliokwisha kujua kusema tuliwafundisha kutaja jina la baba na mtaa wao.

Gari la matangazo lilipita likiwahimiza watu wa mabondeni wahamie sehemu za juu. Mwanamume aliyekuwa na kipaza sauti alisema vizuri sana juu ya upepo. Akina mama wakamzunguka wakamwuliza mambo mengine: huko tuendako choo kiko wapi, maji yako wapi, na mwenye mimba ya miezi tisa alale wapi? Tunadhani maswali hayo yangepaswa kutangulia.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 25, shule na ofisi zilifungwa. Mawingu yalikuwa mazito, bahari imebadilika rangi. Misikitini na makanisani watu waliomba. Hapo ndipo bibi alipogoma. "Nyie nendeni, wanangu. Mimi na nyumba yangu tumezeeka pamoja."

Rafiki yetu hakubishana naye. Alikaa chini karibu yake, akasema, "Mama, ukibaki nitabaki. Nikibaki, na wajukuu zako wanabaki." Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba aletewe kibuyu chake na mkeka. Tukaondoka sote, tukakaa katika darasa la shule moja ya mbali na bahari pamoja na familia tusizozijua, tukagawana ugali.

Tulingoja. Upepo ulivuma, mvua ikanyesha, lakini ule mlio haukuja. Jioni tukapata habari kwamba Kenneth imeingia nchi kavu kusini yetu, katika jimbo la Cabo Delgado, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Darasani watu walishangilia, na wengine wakaanza kukunja mikeka.

Bibi hakushangilia. Yeye ni Mmakonde, na Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Alikuwa na ndugu Macomia, na Macomia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya, pamoja na kisiwa cha Ibo. Ijumaa simu haikuita. Jumamosi haikuita. Tulijaribu kwa zamu, sisi watatu, huku mvua kubwa ikizidi kuleta mafuriko huko kusini.

Jumapili mchana ilipokelewa. Nyumba imeanguka, mahindi yako chini ya maji, lakini watu wote saba wapo. Bibi aliuliza jina moja moja, akihesabu kwa vidole, mpaka la saba.

Siku tuliyopanda basi kurudi, unga ulionunuliwa kwa ajili ya kimbunga ulikuwa mlangoni, umefungwa kwa zile kamba za paa, ukimsubiri mtu wa kuvuka Ruvuma.