Bombolulu: zawadi yenye mshahara ndani

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka mjini Mombasa na kushika barabara ya Malindi, hufiki mbali kabla ya karakana za Bombolulu. Zilianzishwa 1969, chini ya chama cha walemavu wa viungo nchini, APDK.

Afadhali usianzie dukani. Pita kwanza kwa mafundi: huyu anakunja waya kuwa hereni, yule anashona mkoba, mwingine anachonga mbao. Baadhi walipooza miguu kwa polio utotoni. Mzazi anayesitasita kuhusu matone ya chanjo akifika hapa hahitaji kuhubiriwa.

Ukishawaona kazini, ile "punguza kidogo" ya sokoni hutoka kwa shida. Bei unayolipa ndimo unamotoka mshahara wa fundi.

Kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa wamekuwa watalii, na watalii huja kwa msimu. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli za Pwani, karibu wote walitoweka. Wenyeji wa Kisauni hawakwenda popote, na wao pia hununua zawadi: hereni za Idi, mkoba wa shangazi wakati wa Krismasi, au miiko ya jikoni mwezi wowote.