Rundo, Meza na Sanduku

Rundo

Soko la mitumba la Gikomba huamka kabla ya Nairobi. Alfajiri, wakati mitaa ya katikati ya jiji bado imelala, njia zinazoshuka kuelekea Mto Nairobi huwa zimeshajaa mikokoteni na wanaume waliobeba belo migongoni. Belo la kawaida lina kilo 45. Mwenye kibanda hulinunua likiwa limefungwa, akijua aina tu ya kilichomo: mashati ya kiume, makoti, sweta za watoto. Wateja wake wa kwanza, wengi wao wenye maduka mjini au wanaouza kupitia simu, hulizunguka kabla kamba hazijakatwa. Wanachokinyakua ni kamera: nguo safi, isiyo na doa wala mkwaruzo, inayoweza kutundikwa dukani kesho yake. Baada yao huja wengine, bei ikiteremka jinsi jua linavyopanda, hadi jioni inapobaki fagia, mali ya kumalizia.

Karume, pale Ilala, Dar es Salaam, haraka ni ileile ila sauti ni nyingine. Muuzaji hupanda juu ya meza katikati ya nguo zake na kuimba bei: "Jero! Jero!" kwa za mia tano, "Buku! Buku!" kwa za elfu. Mikono hupishana ndani ya rundo, na aliyeshika kwanza ndiye mwenye haki. Soko hili liliteketea kwa moto Januari 2022, kama Gikomba inavyoungua mara kwa mara, na wafanyabiashara wakarudi kwenye majivu na kupiga mbao upya. Nawaheshimu sana watu hawa, na si kwa uvumilivu peke yake. Ni wajuzi.

Rundo halina msimulizi. Hakuna anayejua shati lilivaliwa na nani, wapi, mwaka gani. Kwa hiyo nguo yenyewe ndiyo inayosomwa. "Kaka, usiitazame kwa mbele, igeuze," aliniambia mama mmoja wa Karume, kisha akanionyesha. Kwapa na ukosi hutangulia, maana jasho halifichiki pale. Pindo hufuata, kuona kama limefumuliwa na kushonwa tena. Zipu huvutwa mpaka mwisho. Sufu huinuliwa juani ili matundu ya nondo yajitokeze.

Baada ya uzima huja umri. Kwenye jinzi za Levi's, kile kipande chekundu kilichoshonwa kwenye mfuko wa nyuma kiliandikwa kwa herufi kubwa zote hadi 1971, mwaka ambao E ilianza kuandikwa ndogo. Tofauti hiyo ya herufi moja hupandisha bei mara nyingi. Fulana yenye mstari mmoja tu wa uzi kwenye pindo la mkono mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Koti lenye lebo ya tufe lililobeba msalaba ni Harris Tweed, kitambaa kinachofumwa kwa mkono majumbani mwa wakazi wa visiwa vya magharibi mwa Scotland na kulindwa na sheria ya Uingereza ya 1993. Nimemwona kijana wa Gikomba akilitenga koti la namna hiyo bila hata kuiangalia lebo. Alikisugua kitambaa kwa kidole gumba, akaliweka nyuma yake.

Hatua chache kutoka kwenye rundo wapo mafundi cherehani na watu wa pasi za mkaa. Koti la jitu la Ulaya huingia upande mmoja wa safu hiyo na kutoka upande wa pili limekuwa koti la kijana mwembamba anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Gikomba, kukata na kushona upya huongeza thamani.

Meza

Katika barabara ya Portobello, London, siku ya Jumamosi, nilikuta kinyume cha hayo. Nguo zimetundikwa kwa nafasi, kila moja na karatasi yake ya bei, na muuzaji anangoja umuulize. Ukiuliza, atakueleza kwa furaha. Nilionyeshwa gauni la pamba lenye lebo ya CC41, alama ya serikali ya Uingereza iliyowekwa kuanzia 1941 kwenye nguo zilizotengenezwa kwa kubana kitambaa, wakati wa vita na miaka ya uhaba iliyofuata, hadi 1952. Gauni lilikuwa la kawaida kabisa. Kilichouzwa pale ni miaka ile iliyomo ndani ya lebo.

Saint-Ouen, ukingoni mwa Paris, jambo hili limekwenda mbali zaidi. Soko lilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na waokota matambara, maskini waliochambua takataka za jiji usiku na kuuza nje ya kuta zake. Leo ni mkusanyiko wa masoko mengi madogo, kama Vernaison na Paul Bert, yanayofunguliwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Humo niliona makoti ya kazi ya buluu, yale yaliyovaliwa na wakulima na wafanyakazi wa viwandani wa Ufaransa, yakiuzwa ghali kuliko suti mpya. Lililopauka na kutiwa viraka vingi ndilo lililokuwa na bei kubwa zaidi. Karume, kiraka hulishusha shati hadi jero. Saint-Ouen, kiraka ni ushahidi wa maisha ya mtu. Na ole wako ukilifupisha koti hilo mikono: thamani imekwisha.

Kilichonishika zaidi ni mashuka. Mashuka mazito ya kitani, yenye herufi mbili zilizotariziwa kwa uzi mwekundu pembeni: herufi za jina la msichana aliyeandaliwa vyombo vya ndoa miaka mia moja iliyopita. Muuzaji alinikunjulia moja taratibu na kunionyesha jinsi tarizi ilivyokuwa safi hata upande wa nyuma. Hakumjua mwenye herufi zile. Lakini alijua kwamba shuka lile halipaswi kuwa tambara, na wanunuzi waliomzunguka walijua hivyo pia.

Hapo ndipo nilipoanza kuulizia vya kwetu.

Sanduku

Mji Mkongwe wa Unguja una maduka ya vitu vya kale, na sarafu ni sehemu yake tamu. Utapata pesa ya shaba ya Sultani Barghash yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882. Utapata pia reale ya fedha ya Maria Theresa, ileile inayouzwa katika soko la Muttrah, Muscat. Kila reale ya namna hiyo imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, hata zilizopigwa karne mbili baadaye. Aisomaye tarehe peke yake hudanganyika. Kufuli, saa za ukutani, masanduku ya misumari ya shaba: vyote vinatafutwa, vina bei na vina watu wa kuvieleza.

Kanga za zamani niliziulizia kwa muda mrefu zaidi kuliko kitu chochote, Unguja, Mombasa na Dar. Mara nyingi nilielekezwa kwenye duka la kanga mpya.

Sababu si kwamba kanga haina alama za kusomwa. Ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina lililoandikwa. Majina ya zamani zaidi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kabla ya herufi za Kilatini kushika nafasi. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, kampuni iliyoanza Mombasa mwaka 1887, hubeba maneno "Mali ya Abdulla", na mwenye kujua huyatafuta kama Mwingereza anavyoitafuta CC41. Zipo za kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Zipo za chama cha TANU, za sherehe za Uhuru, za kampeni na za misiba ya kitaifa. Pangilia doti hizo kwa miaka, utaisoma historia ya pwani na bara kwa upande wa wanawake waliozinunua, wakazivaa na kupeana.

Sababu ya kweli ni heshima ya aina nyingine. Kanga ikishanunuliwa haiuzwi tena, hupewa mtu. Hupewa mwali, hupewa mzazi, hukatwa vipande viwili ili mashoga wawili wagawane. Hubeba mtoto, humfunika mgonjwa, na ikichakaa hushikia sufuria jikoni. Zinazonusurika hulala sandukuni kwa bibi, zimefukizwa udi. Siku bibi akifariki, sanduku hufunguliwa, kila ndugu huchukua ukumbusho wake, na kanga zilizobaki hutawanyika bila yeyote kuuliza zilinunuliwa lini na kwa nini. Wakati huohuo, British Museum ya London ina mkusanyiko wa kanga, zimeorodheshwa na kutunzwa.

Sitaki kanga za bibi zimwagwe Karume, wala zipachikwe bei ya Saint-Ouen. Nataka ujuzi wa masoko yote mawili uingie majumbani mwetu. Rundo limetupa macho makali: kijana anayetambua kitambaa cha Scotland kwa kidole gumba anaweza kutambua pamba ya Urafiki, akipewa sababu. Meza imenionyesha faida ya kuuliza na kuandika. Mwenye bibi au mama mkubwa aliye hai aombe kufunguliwa sanduku sasa, si baada ya matanga. Aulize kila doti ilitoka kwa nani na kwa tukio gani, aandike kwenye karatasi, aikunje ndani ya kanga yenyewe. Doti ambayo haijakatwa iachwe hivyo. Na wenye maduka ya vitu vya kale waanze kuziheshimu kanga kama wanavyoheshimu sarafu za Barghash, kwa sababu waliozivaa walizijenga nchi hizi sawasawa na waliopiga fedha.