Pindo la Mlango

Gari la Baba lilianza kunuka wakati wa masika. Asubuhi moja nililifungua, vioo vyote vimepandishwa hadi juu, nikakanyaga kapeti upande wa abiria. Maji yakajaa kwenye kandambili! Juu hakukuwa na tundu hata la sindano. Nikasema moyoni, basi huu ni uchawi.

Usicheke, msomaji. Gari lenyewe ni la mwaka 1994, na kwetu ni Kigamboni, ambako upepo wa bahari haubagui bati la nyumba na bati la gari. Baba aliliendesha mpaka macho yalipomwacha. Tukakubaliana liuzwe ili mdogo wangu apate ada ya chuo cha uuguzi. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa mtaa wa pili, baba wa watoto watatu, na alishatoa malipo ya kwanza. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ambaye kazi yangu ilikuwa kujaza kaunta buku kwa riwaya isiyokwisha, nikaambiwa niliweke gari sawa.

Nikaanza kwa ujuaji. Nilichungulia chini ya milango nikaona ile gundi ya kuzibia iliyopakwa kiwandani imekauka na kupasuka kama udongo wa jaruba wakati wa kiangazi. Nikanunua silikoni kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikapaka chini kote, sikuacha hata upenyo. Uani kwetu kukanuka siki siku nzima. Mvua iliyofuata, mlango ukageuka dumu: ukiufunga, unasikia maji yakicheza ndani, chwa! chwa!

Ndipo nikampelekea fundi wa bodi, mzee tunayemwita Babu. Alipiga magoti, akachungulia, akacheka hadi akakohoa.

"Nani kaziba vitundu vya maji?"

"Mimi, Babu."

"Sasa wewe kijana umeziba choo, mdomo umeuacha wazi!"

Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mlango wa gari hauzuii maji. Kila mvua inaponyesha, maji hupita kwenye mpira unaofuta kioo, yakateremka ndani ya bati na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasiingie kwenye kapeti ni karatasi ya nailoni, iliyobandikwa nyuma ya kava la ndani kwa gundi nyeusi inayonata kama lami. Gundi hiyo ikizeeka, au fundi akiibandua ili atengeneze mashine ya kioo kisha asiirudishie vizuri, maji hupita pembeni mwa nailoni. Uchawi wangu ukaishia hapo.

Halafu kuna pindo. Chini ya mlango, bati la nje hukunjwa likalibana la ndani, kama pindo la kanga. Gundi ya kiwandani hufunika maungio hayo. Joto, mtikisiko na miaka vikiipasua, maji yenye chumvi hunywewa na ule ufa, na kutu huanza kula kutoka ndani. Ukija kuona rangi imevimba malengelenge, ujue bati limeshaliwa. Ile silikoni yangu ya siki ndiyo kabisa: inapokauka hutoa asidi inayochokoza kutu, na rangi haishiki juu yake.

Tulifanya kazi siku tatu. Tulikwangua gundi kuukuu kwa kisu, tukapiga brashi ya waya na msasa hadi bati likang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha gundi ya mabodi inayopokea rangi. Vitundu tulivizibua kwa waya. Tulikata nailoni mpya, tukaibandika kwa ukanda wa gundi nyeusi niliofuata Kariakoo, ncha yake ya chini tukaiingiza ndani ya bati ili maji yarudi mlangoni. Babu akamimina kopo la maji juu ya kioo. Yakatokea chini. Kapeti kavu!

Milango mitatu ikapona. Wa nne, wa nyuma kushoto, nilipogusa pindo kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Babu akasema ukatwe na kuchomelewa bati jipya. Pesa ya kuchomelea hatukuwa nayo.

Mjomba akanivuta pembeni. "Piga puti, paka rangi. Mwalimu atakuja kujua masika ijayo, na mwanetu keshaanza chuo. Kwani hajui kuwa gari ni la zamani?"

Nitasema kweli: nilipiga puti. Usiku, Babu hayupo. Nikalainisha kwa msasa, nikapaka rangi. Ukitazama, mlango ule ndio ulikuwa mzuri kuliko yote.

Kesho yake Baba aliomba apelekwe kwenye gari. Alianza na mlango wa dereva, akipitisha vidole chini, polepole. Akaja wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne akasimama.

"Pindo liko wapi?"

Sikujibu. Vidole vyake vikarudi tena palepale, laini kama kigae.

"Mwalimu anakuja lini?"

"Kesho, Baba."

"Basi leo kwangua."

Nilikwangua. Mwalimu alipokuja nilimwonyesha tundu, vidole viwili vinapita. Alinyamaza kitambo, akapunguza laki nne, akalichukua. Mjomba hakusema nami mwezi mzima. Ada ikapungua, na mdogo wangu aliripoti chuoni na nusu yake, akiwa amebeba barua ya kuomba muda. Nusu iliyobaki niliitafuta kwa Babu, nikishika msasa miezi mitatu. Kaunta buku likabaki chini ya godoro.

Mlango wa nne niliukata mimi mwenyewe, Babu akauchomelea, kwa gharama ya mwalimu.

Mwezi Novemba mvua za vuli zilinikuta kituo cha daladala. Lile gari likapita, watoto wamejazana nyuma. Niliinama kutazama chini ya milango. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye vitundu, milango yote minne.