NESI NDANI YA KOSTA (Sehemu ya 9)

Tangu niweke ile picha ya ukungu wa Nyololo wiki iliyopita, maswali ni yale yale. "Dada, unaishi peponi halafu unalalamika usingizi?" Mwingine kaandika: "Huko Mufindi si ndiko watu wanalipa hela nyingi kwenda kupumzika? Sasa wewe kila siku unatoka huko kwenda mjini, una akili kweli?" Haya, leo nawajibu. Tafuta kikombe cha chai kabisa, maana ni ndefu.

Nyololo ni kata ya Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, kati ya Mafinga na Makambako. Ukiwa kwenye basi la Dar kwenda Mbeya unaipita umelala. Pale njia panda kuna barabara inayokata kuingia Igowole, Kibao, mpaka Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Huko ndani ndiko chai iliko, vilima na vilima vya kijani mpaka jicho linachoka, na ukimaliza chai unakutana na misitu inayoshuka kwenye ukingo wa milima kuelekea bonde la Kilombero. Wageni wanakuja kupanda farasi, kuvua samaki, kutafuta ndege kwa darubini. Siku hizi na vijana wa Dar wanakuja kupiga picha katikati ya mistari ya chai wakiwa na makoti ya kuazima. Siwacheki. Ni kuzuri kweli.

Ila mgeni anaondoka na picha, sisi tunabaki na baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 alfajiri unakuta sakitu mabondeni, ile barafu nyembamba juu ya majani, na viazi vya watu vimeungua kama vimemwagiwa maji ya moto. Na ule ukungu mlioupenda kwenye picha yangu, ndani yake kuna lori la mbao linatembea na dereva hamwoni mwenye baiskeli mpaka amfikie.

Naishi Nyololo kwa sababu nyumba yetu ipo Nyololo. Tumejenga, watoto wanasoma hapo, mama mkwe yupo jirani anawapokea nikiwa zamu ya usiku, na tuna ekari mbili za paina ambazo mume wangu anaziita pensheni. (Mufindi kila mtu ana pensheni ya paina, hata mwalimu wa chekechea.) Kazi ipo hospitali, Mafinga. Kwetu ukisema "mjini" ni Mafinga. Iringa ni kilomita 80 nyingine mbele, na Mbeya ni safari ya kuaga watu. Kupanga chumba Mafinga nimeshapiga hesabu mara nyingi kuliko mnavyodhani. Haifiki.

Kwa hiyo ni kosta. Zamu ya asubuhi tunapokezana saa 1:30, hivyo saa 11 na nusu alfajiri niko barabarani nimejifunga shuka la kimasai, sare ipo kwenye begi. Sare sivai kwenye gari. Sababu ya kwanza mnaijua, vijidudu vya wodini vibaki wodini, visisafiri na mimi mpaka kwa watoto. Sababu ya pili ndiyo ninayotaka kuisema leo.

Kwenye kosta ya Nyololo kwenda Mafinga, abiria wengi wanakwenda huko huko ninakokwenda mimi. Kuna mama mwenye mimba ya miezi minane kashika kadi ya kliniki. Kuna mzee wa presha na kijukuu chake. Kuna kijana aliyekatwa na msumeno, mkono umefungwa kanga ya mke wake. Na kuna wale ambao hawajashika kitu, wamekaa dirishani, wanaangalia nje kutoka Nyololo mpaka Sao Hill kama hawajawahi kuona miti maisha yao yote.

Hao ndio leo nawazungumzia.

Si siri kwamba mikoa yetu inaongoza kwa maambukizi ya VVU Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima na Iringa asilimia 11.1, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Sisi wa Nyololo tuko Iringa, na ukisogea kidogo tu na barabara uko Makambako, Njombe. Kwa hiyo kwenye kosta ya watu thelathini hesabu unaweza kuifanya mwenyewe, wala usianze kuangalia nyuso, hutapata jibu kwenye uso.

Watu wanashangaa, hewa safi vile, baridi vile, kunatokeaje? Kunatokea kwa barabara. Malori ya Zambia na Kongo yanalala huku. Kunatokea kwa vibarua wanaoacha familia kwao kuja kuchuma chai na kupasua mbao, wanakaa miezi kambini. Na tohara ya wanaume haikuwa desturi ya wengi huku, ndiyo maana kampeni ya tohara ya kitabibu ilipoanza nchini, kwenye mwaka 2009 na 2010, Iringa ilikuwa ya mwanzo mwanzo kufikiwa. Milima haizuii kitu kinachopita na watu.

Sasa mtu mwenye virusi siku hizi anaishi vizuri tu. Tangu 2016 hakuna tena kusubiri kinga ishuke, ukipima ukakutwa nao unaanza dawa. Wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Aliyetulia kwenye dawa anapewa za miezi mitatu, wengine mpaka sita. Na virusi vikishuka mpaka kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Hayo nimeyaandika sehemu ya 4, sirudii.

Swali ni hili: kama dawa zipo mpaka kwenye vituo vya jirani, kwa nini mtu apande gari alfajiri na baridi ile kuzifuata Mafinga?

Jibu mnalijua, mnajifanya tu. Kituo cha jirani, anayeandikisha mafaili ni shemeji yake. Anayefagia ni jirani. Benchi la kliniki ya tiba na matunzo, ile wengi wanaita CTC, linaonekana na kila anayepita kwenda kusaga mahindi. Kwa hiyo mtu anatoa nauli, kwenda na kurudi, anapoteza kibarua cha siku nzima, ananunua kitu kimoja tu: kutojulikana. Kisha anapanda kosta, anakaa, anageuza shingo, ananikuta mimi.

Fikiria hiyo sura. Mimi nimeshaiona.

Kwanza kuna suala la kopo. Vidonge vipya kwenye kopo vinapiga kelele, na barabara yetu ina matuta kila penye kijiji. Jioni wakati wa kurudi, gari likiruka tuta, kopo linalia: chaka! Tuta lingine, chaka! Na ndani ya gari kila mtu anakohoa kwa wakati mmoja, au konda anaongeza sauti ya redio. Kuna watu wameacha dawa kwa sababu ya sauti hiyo. Wengine wanajaza pamba ndani. Naomba pamba usiweke, inashika unyevu, na kwa ukungu wetu dawa itaharibika. Usihamishie kwenye mfuko wa nailoni pia. Acha vidonge kwenye kopo lake na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, likaze mfuniko, lifunge ndani ya sweta au kitenge kilichokunjwa, weka katikati ya begi. Hata ukipita matuta mia halisikiki. Mwambie na mwenzio.

Pili, kuna maswali. Nyololo wote wananijua ni nesi. Mtu anashuka kabla yangu, hata mlango haujafungwa, mama wa kiti cha nyuma anainama: "Kamwene, sista. Yule nilimwona kwenu juzi, hivi anaumwa nini?" Anauliza kwa upole kabisa, wala si mbaya. Huku kwetu kuulizia mgonjwa ni utu, usipoulizia ndiyo wanasema una roho mbaya.

Wauguzi wadogo mnaonisoma, hapa ndipo wengi wanateleza, tena wale wenye nia nzuri. Nesi anajua VVU ni siri, hawezi kusema. Lakini mguu uliovunjika anasema, si siri bwana, plasta si inaonekana. Malaria anasema. Kisukari cha bibi fulani anasema, tena na ushauri juu. Halafu siku moja anaulizwa kuhusu dada fulani, anakaa kimya, au anasema "mmh, mambo ya wagonjwa hatuongei." Tayari amemtaja! Ukijibu tisa ukanyamaza kwa mmoja, gari zima limeshaelewa. Ile Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inatukataza kutoa majibu ya mtu bila ridhaa yake, lakini watu hawahitaji mdomo wako, wanasoma tofauti ya ukimya wako.

Kwa hiyo mimi jibu langu ni moja kwa wote. Mguu, jino, uzazi, chochote: "Hospitali ni kubwa mama, siwaoni wote. Tumwombee." Basi. Hata mume wa aliyeuliza akilazwa kwangu, mama wa jirani naye atajibiwa hivyo hivyo. Gharama yake ninailipa. Wanasema naringa. Mama mkwe aliletewa maneno kwamba mkwe wake tangu apate stashahada hasemi na watu. Alinitetea kwa Kihehe, kwa sauti, njia nzima ikasikia. Kitu alichosema sitakiandika hapa.

Na jingine: kwenye gari sisalimii wa kwanza. Nikisalimia mtu kwa jina, watu watajiuliza nimemjulia wapi. Akinisalimia yeye, namwitikia kwa furaha zote. Asiponisalimia, hatujuani, hata kama jana nilimshika mkono akilia. Wageni kwenye kazi hii wanaona ni ubaridi. Wagonjwa wanaelewa haraka sana.

Sasa kuna mmoja nataka kumwandika. Kabla hujaanza kutafuta ni nani: nimebadilisha jinsia, kazi na kijiji, na nimechanganya watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo ukisema "namjua huyo," humjui.

Alikuwa kijana wa bodaboda. Alikuwa anapanda gari letu kila baada ya miezi mitatu, anashuka stendi ya Mafinga kama mtu wa sokoni. Siku moja kliniki walikuwa wachache, nikapelekwa kusaidia. Akaingia, tukaangaliana. Nikafanya yote tunayofundishwa: sauti ya chini, mlango umefungwa, nikamwambia nje ya chumba hiki mimi na wewe ni abiria tu. Akaitikia "sawa sista," akachukua dawa, akatoka. Hakurudi. Tarehe ikapita, ikapita mwezi.

Nilikuwa namwona Nyololo, yuko juu ya pikipiki yake, mita kumi kutoka nilipo. Siwezi kumwita. Siwezi kumuuliza "dawa vipi?" Siwezi hata kumwangalia muda mrefu. Kumtafuta ni kazi ya WAVIU washauri, wale wenzetu wanaoishi na virusi na kufuatilia waliopotea, na mimi nikawaachia, huku kila asubuhi namtazama shavuni kama ananyauka. Nyie, hiyo ndiyo safari ndefu kuliko hizo kilomita zote.

Baadaye niliambiwa kitu kimoja tu, na kilinitosha: hayupo kwenye orodha ya waliopotea, ameomba barua ya uhamisho.

Kwa hiyo wewe unayesoma na umekutana na sura unayoifahamu kliniki, hiyo barua ipo. Ni haki yako. Huna haja ya kueleza sababu ndefu, sema tu unahamia kituo fulani, dawa zako zinaendelea bila kukatika. Kukaa nyumbani kwa aibu ni miezi michache tu, halafu tunakutana wodini, na wodini hakuna ukungu wa kujifichia.

Siku hizi kuna asubuhi namwona ng'ambo ya barabara, amevaa koti jeusi, anasubiri gari za kuelekea Makambako. Mimi upande huu nasubiri za Mafinga. Anaenda wapi sijui na sitauliza. Ananyanyua kidevu kidogo, mimi nanyanyua changu. Gari lake likija kwanza anapanda, likija langu kwanza napanda mimi.

Sehemu ya 10 nitaandika zamu ya usiku na gari la mwisho la kurudi, mliomba. Na yule aliyeuliza bei ya chumba kwa wageni huku milimani, sijui kaka, sijawahi kulala hotelini Mufindi.